Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Rasilimali Watu kuhusu neno "au"

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SIFA ZA MWOMBAJI KATIKA TANGAZO LA NAFASI YA AFISA TEHAMA (USALAMA WA MIFUMO)

Kwa heshima zote zinazostahili ofisi yako, barua hii inahusu neno lenye herufi mbili tu. Tangazo la taasisi yako, lililotolewa mara mbili bila kubadilishwa hata nukta, lilimtaka mwombaji awe na shahada ya kwanza, uzoefu wa miaka 5, na zaidi ya hapo shahada ya uzamili au cheti cha kitaalamu kinachotambulika kimataifa. Kiunganishi "au" humpa msomaji hiari ya kushika kimoja kati ya viwili, lakini ofisi yako imekisoma kana kwamba kimeandikwa "na". Mwombaji aliyechagua cheti, ambaye ndiye mwandishi wa barua hii, amejibiwa kwa mstari mmoja kwamba hajakidhi vigezo.

Uchaguzi huo haukuwa wa kubahatisha. Shahada ya uzamili, yaani masomo ya chuo kikuu yanayofuata shahada ya kwanza na kwa kawaida kuhitimishwa kwa tasnifu, humfundisha mtu kutafiti, na anayetaka kufundisha chuoni hana njia ya mkato ya kuikwepa. Cheti cha kitaalamu ni kitu kingine: ni mtihani wa chombo cha wanataaluma, unaopima kama mtu anaweza kazi kama inavyofanywa leo. Kile kinachoitwa CISSP, ambacho ndicho kilichowasilishwa kwenu, kina maeneo 8 ya usalama wa habari, kinadai alama 700 kati ya 1000, na hakitolewi kikamilifu kwa mtu ambaye hajatimiza masharti ya uzoefu wa kazi, ambayo kwa kawaida ni miaka 5. Ada ya mtihani ni dola 749, na hazikulipwa na serikali. Wakala wa Uingereza unaolinganisha sifa za elimu ulikipima mwaka 2020 na kukiweka ngazi ya 7, ngazi ile ile ya uzamili, ingawa hakuna anayedai kwamba uamuzi wa Waingereza unaibana ofisi yako. Anachodai mwombaji ni kwamba ofisi yako ibanwe na tangazo lake yenyewe.

Tofauti ambayo ofisi yako haikuitazama ni ya muda. Shahada haichachi, aliyeipata mwaka 2004 anaipeleka kwenye usaili leo ikiwa na thamani ile ile, hata kama hajawahi kuziba tundu moja la mfumo tangu siku ya mahafali. Cheti hiki kina miaka 3. Ndani ya miaka hiyo mwenye nacho hulipa ada kila mwaka na kukusanya saa 120 za kujiendeleza, na asipotimiza hukipoteza. Miaka 3 ni miezi 36: miezi 7 iliishia kusubiri tangazo lirudiwe, na miezi 11 imeliwa na rufaa ambayo bado iko mezani kwenu, kwa hiyo nusu ya uhai wa cheti imekwisha kabla hakijamfikisha mwenyewe hata kwenye mlango wa chumba cha usaili. Mchujo wenyewe, ni haki kusema, haukuchelewa, kwani ujumbe wa kukataliwa ulifika dakika 4 baada ya maombi kutumwa.

Mfumo wa maombi unaeleza mengi kuliko barua za ofisi. Kipengele cha elimu kina orodha inayoanzia Astashahada na kuishia Uzamivu. Cheti cha kitaalamu hakimo, na mahali pekee pa kukipakia ni chini ya "Viambatisho Vingine", jirani na leseni ya udereva. Siku ya kutuma maombi kivinjari kilimwonya mwombaji kwamba cheti cha usalama cha tovuti ya taasisi kimekwisha muda wake. Pengine afisa anayetafutwa angelikumbuka kukihuisha.

Mwombaji alipohoji, aliagizwa alete barua ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inayotambua cheti hicho. Tume hiyo husimamia vyuo vikuu na kutambua tuzo zake, na CISSP haitolewi na chuo kikuu. Ni sawa na kumtuma mtu kwa mganga wa mifugo alete cheti cha ndoa. Mhasibu anayeleta cheti chake cha kitaalamu, CPA, kwenye taasisi hiyo hiyo hasumbuliwi hivyo, wala haulizwi tasnifu yake iko wapi. Nafasi ya masomo ya uzamili ambayo mwajiri wa sasa alikuwa tayari kuifadhili ilikwenda kwa mwingine, kwa sababu mwombaji aliliamini lile "au".

Zipo ofisi nyingi za umma zinazopandisha watu vyeo kwa uzito wa bahasha ya vyeti, na wapo wanaosomea uzamili wa fani yoyote ile ili mradi mshahara usogee, huku Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ikiwadai wanaotunza taarifa za wananchi wazilinde kweli. Taarifa za waombaji wote, zikiwamo namba zao za kitambulisho cha taifa (NIDA), zimo ndani ya mfumo ule ule wenye onyo la kivinjari.

Kwa hiyo ofisi yako inaombwa ijibu rufaa kwa maandishi ndani ya siku 30, irekebishe kipengele cha elimu kabla ya tangazo lijalo, na kama nia ni kuajiri wenye uzamili peke yao, ilifute neno "au" ili wengine wasilipie mtihani wasiouhitaji. Cheti kimebakiza miezi 18, na barua hii ikisubiri masjala kwa kasi ya zile zilizotangulia, kitabakiza 7.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwombaji ambaye hajakidhi vigezo