TAMKO KUHUSU UKAGUZI WA NYUFA KATIKA MABAWA YA NDEGE ZA ABIRIA

Sisi mafundi wa ndege, tuliokutana Nachingwea pamoja na wenzetu wa Ruangwa, tunatoa tamko hili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), kwa wenye ndege na kwa abiria.

Tarehe 29 Machi 1953, ndege aina ya Vickers Viking ya shirika la Central African Airways, iliyokuwa safarini kati ya Blantyre na Dar es Salaam, ilikatika bawa ikiwa angani na kuanguka katika nyika za huku kwetu kusini. Watu wote 13 waliokuwamo walikufa. Mhimili wa bawa ulikuwa umechoka: ufa ulikua kidogo kidogo safari hata safari, mpaka sehemu iliyosalia nzima ikashindwa kubeba mzigo. Wazee wa Nachingwea watakusimulia mradi wa karanga na kambi ya FRELIMO. Ndege hiyo ni nadra kutajwa.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya ndege za kale. Mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya iliamuru Airbus A380 zikaguliwe baada ya nyufa kuonekana ndani ya mabawa, na ndege hizo zilikuwa na miaka michache tu kazini. Agizo la Januari liliihusu sehemu tu ya ndege hizo. Februari likazikumba zote 68 zilizokuwa zikiruka. Nazo ndege ndogo hazikusalimika: tarehe 26 Mei 2019, karibu na Mount Isa, Australia, Cessna 210 ilikatika bawa kwa ufa ulioanzia kwenye kutu.

Kwa hiyo tunadai ukaguzi wa mabawa uhesabiwe kwa idadi ya kupaa na kutua pia, si kwa saa za kuruka pekee. Ndege inayoruka masafa mafupi, chini chini kwenye hewa ya joto inayotikisa, na kutua viwanja vya changarawe, huchosha bawa lake mapema kuliko daftari la saa linavyoonyesha. Palipoagizwa kipimo cha umeme, tochi na jicho havitoshi. Tarehe ya ukaguzi isisogezwe kwa sababu tiketi zimeshauzwa. Na fundi anayekataa kutia saini asihamishwe wala kunyimwa kazi. Hili ndilo linalotuuma zaidi, maana saini hiyo ikinunulika, vipimo vyote ni bure.

Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote ya ndege yenye vyeti vya Tanzania katika orodha yake ya marufuku, ukitaja kasoro za usimamizi wa usalama. Wapo wanaoona ni siasa. Sisi tunasema wakaguzi waajiriwe, walipwe vizuri, wapewe vifaa.

Tunaomba pia ajali ya 1953 ifundishwe katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kwa wanaosomea ufundi wa ndege, tangu mwaka wao wa kwanza.