Hii Sonata Si ya Kulalia

Tuseme ukweli. Kama wewe huweka ile sonata ya Beethoven, ile wanaiita ya Mbalamwezi, ndio upate usingizi, basi hujaisikiliza. Umesikia mwanzo wake tu, na hata huo mwanzo umeuelewa vibaya.

Najua utaniuliza: wewe uliyeacha chuo, ni nani wa kutufunza Beethoven? Sawa. Piano sijui kucheza. Hii sonata nimeisikiliza ndani ya matatu za Rongai, visikizi vya mia mbili masikioni, noti nikizifuata kwa simu. Lakini nimeisikiliza hadi mwisho.

Beethoven aliitunga mwaka wa 1801. Jina la mwezi si lake. Yeye aliiita tu sonata inayokaribia kuwa fantasia. Mambo ya mwezi yalitoka kwa mkosoaji Mjerumani, Ludwig Rellstab, aliyeifananisha sehemu ya kwanza na mwanga wa mwezi juu ya Ziwa Lucerne. Jina likashika, na tangu siku hiyo watu wanashukia kituo cha kwanza.

Safari nzima ni kama dakika 15, sehemu tatu. Ya kwanza ni ya polepole, katika C-shapu maina, noti tatu tatu zikipanda bila kuchoka, sauti ikiwa chini. Ni huzuni ya mtu aliyekaa pembeni, hasumbui yeyote. Ya pili ni fupi na nyepesi, katika D-flati meja. Kwenye piano, D-flati na C-shapu ni kitufe kimoja cheusi. Palepale palipolia, sasa panatabasamu kidogo.

Halafu inakuja ya tatu. Noti zilezile tatu za mwanzo, zile zako za usingizi, zinarudi zikipanda mbio, na zikifika juu zinagonga mara mbili kama mtu aliye mlangoni. Kumbe ile huzuni haikuwa imetulia. Ilikuwa inangoja.

Na hapa ndipo wapenzi wa mwezi wananikasirisha. Wanasema sehemu hii ni kelele, ni fujo. Fujo gani? Ndiyo iliyopangwa kwa umbo kamili la sonata: hoja zinawekwa mezani, zinachambuliwa, kisha zinarudiwa kwa uzito mpya. Kwa kawaida watunzi waliliweka umbo hilo katika sehemu ya kwanza. Beethoven akaliacha hadi mwisho. Tena, sehemu kubwa ya hasira hiyo ameiandika kwa sauti ya chini, mipigo ya ghafla tu ndiyo inayolipuka. Hata hoja ya pili, ambayo wengi wangetarajia ilete nafuu ya meja, inabaki maina. Hakuna mtu anayebembelezwa hapo.

Mwaka huohuo wa 1801, Beethoven alimwandikia rafiki yake daktari, Franz Wegeler, kwamba masikio yake yanazidi kudhoofika. Sisemi barua hiyo ndiyo maana ya sonata. Nasema aliyeandika vitu hivyo viwili hakuwa anawatafutia watu usingizi.

Mbona inaniuma hivi? Kwa sababu karo iliponishinda, niliandikia chuo barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kulia: mama anauza mboga, nihurumieni. Nikajibiwa pole, kwa upole kabisa. Ya pili ilikuwa na hoja nne kwa mpangilio, pamoja na nakala za risiti za pesa nilizolipa na hazikuonekana kwenye akaunti yangu. Sikutukana mtu. Nikaambiwa nina kiburi, nijifunze kutulia. Hata jamaa zangu waliniambia ningebaki na ile barua ya kwanza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Huzuni yetu inapendwa, kwa sababu haidai chochote. Hasira yenye risiti ndiyo inaitwa fujo, na kadiri inavyopangwa vizuri ndivyo inavyoogopwa zaidi.

Kwa hivyo leo usiku, ukifika pale sehemu ya kwanza inapoishia, usizime. Acha ile fupi ipite. Kaa kitako, ngoja mlango ugongwe. Kama bado utapata usingizi baada ya hapo, basi lala. Lakini usiniambie tena kwamba huo ni muziki wa kutulia.