Neno la Mhariri: Lami Imefika, Sasa Tumlipe Anayejua Njia

Kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay palikuwa na sifa mbaya: masika yakikolea, magari yalilala milimani. Leo kilometa 66 za lami zinamshusha msafiri kutoka milima ya Wamatengo hadi ukingo wa Ziwa Nyasa bila kuchafua viatu. Anapiga picha ufukweni, anakula samaki, na kesho yake anaondoka.

Toleo hili linahusu utalii wa jasho: kupanda milima, kupiga makasia, kupiga mbizi. Hoja yetu ni kwamba utalii huu haungoji hoteli kubwa. Unamtaka mtu anayejua njia, naye alipwe kwa ujuzi wake.

Chukua milima ya Tingi, wilayani Nyasa. Mgeni akitembea peke yake ataona mashamba, basi. Akiwa na mwenyeji ataoneshwa ngolo: majani yaliyofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana, udongo wa katikati ukachimbwa na kumwagwa juu yake, hadi mlima unajaa vishimo vya mraba vinavyonasa maji ya mvua yasikokote rutuba. Wamatengo wamelima hivyo kwa zaidi ya karne moja. Liuli nako, bila msimulizi, ni bandari ndogo tu. Kumbe Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia hapo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Manahodha wao walikuwa marafiki.

Ziwa lenyewe halina mzaha. Kina chake kinafika takribani mita 700, na upepo wa kusi ukivuma katikati ya mwaka, mawimbi hupindua mitumbwi. Mvuvi wa dagaa waitwao usipa huyasoma maji kabla ya kusukuma mtumbwi. Mgeni aliyekodi kayaki hajui hata aanzie wapi kuyasoma. Midomo ya mito ina mamba, na maji yaliyotulia kwenye majani huweza kuwa na kichocho. Mgeni aambiwe haya mapema. Kumficha si ukarimu.

Mlima Kilimanjaro haupandwi bila mwongozaji mwenye leseni, na hakuna anayeona ni usumbufu. Maelfu ya familia zinaishi kwa utaratibu huo. Mwambao huu wa ziwa, mkoani Ruvuma, unastahili utaratibu wake kabla ajali haijaulazimisha: vijana na wavuvi wafundishwe uongozaji na huduma ya kwanza, kila mtumbwi unaobeba mgeni uwe na jaketi okozi, na bei zibandikwe hadharani ili asipunjwe mgeni wala mwenyeji. Kazi hiyo halmashauri na serikali za vijiji zinaiweza, na haihitaji mwekezaji kutoka ng'ambo.

Nawe msomaji, ukishuka Nyasa, usiingie ziwani wala mlimani bila mwenyeji. Ukishaelewana naye bei, mlipe yote.