Ndia Kuu Haisomwi kwa Dirisha la Basi

Ziara ya kimasomo imekuwa sehemu ya kalenda ya vyama vingi vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Michango hukusanywa, basi hukodiwa, na safari ya Pwani huanza kwa nyimbo na vifijo. Basi hufika Mombasa alfajiri. Wanafunzi huteremshwa mbele ya Fort Jesus, hupiga picha kando ya mizinga, hula, huogelea baharini, kisha hurejea bara usiku huo au siku ya pili. Ripoti inayoandikwa baadaye hudai kwamba wanachama walijionea chimbuko la lugha.

Ni vigumu kukubaliana na ripoti ya namna hiyo. Lugha haionwi na mtu aliye katika msafara wa wenzake hamsini wanaosukumana ili wasikie sauti ya mtu mmoja aliye mbele. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili, hasa yule aliyelelewa bara, anahitaji kuutembea mji wa Waswahili kwa miguu, akiwa peke yake au pamoja na wenzake wawili watatu, akiongozwa na mwenyeji anayelipwa kwa kazi hiyo, na maelezo yote yatolewe kwa Kiswahili.

Mfano wa Gachoka unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Gachoka ni mji mdogo katika nchi ya Wambeere, kaunti ya Embu, kwenye nyanda kavu zinazoteremka kutoka upande wa Mlima Kenya kuelekea Mto Tana. Mtoto wa huko aghalabu huzungumza Kimbeere nyumbani, hukutana na Kiswahili shuleni na sokoni, na anaweza kufika chuo kikuu na kuhitimu ualimu wa Kiswahili bila ya kuitia bahari machoni. Maji mengi anayoyafahamu ni yale ya mabwawa ya Tana, kama vile Kamburu lililokamilika mwaka 1974 na Masinga la mwaka 1981. Baadaye hupewa darasa karibu na kwao, na siku moja hulazimika kufundisha methali isemayo: Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Atasema kwamba tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni sehemu ya chini kwa ndani, kwa kuwa kamusi imesema hivyo. Wanafunzi watanakili. Lakini akiinuka mmoja na kuuliza kwa nini baharia hana budi kurejea ngamani, mwalimu atakuwa hana zaidi ya kile kilichomo kitabuni.

Kwa hakika, kati ya Gachoka na Mombasa, kinachoijua njia kuliko mwanafunzi ni muguka. Zao hili la Mbeere husafirishwa likiwa bichi hadi Pwani na kutafunwa huko. Mnamo Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wake, ikitaja madhara kwa vijana. Mahakama Kuu mjini Embu ikasimamisha agizo hilo. Mkulima wa Mbeere aliona riziki yake ikizibwa, na mzazi wa Mombasa aliona mwanawe akiangamia. Jambo la kusikitisha ni kwamba pande hizi mbili, ambazo zina lugha moja ya kuzungumzia shida zao, zilikuwa na watu wachache mno waliowahi kutembeleana kwa sababu yoyote isiyokuwa biashara au likizo ya ufukweni. Wasomi wa lugha hiyo walipaswa kuwa miongoni mwa wachache hao.

Kazi ya kumwongoza mgeni si ngeni katika Kiswahili. Misafara ya karne ya 19 ilikuwa na kirangozi, mtu aliyetangulia mbele kwa sababu alizijua njia na mahali pa kupata maji. Johann Ludwig Krapf, mmisionari ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, aliitegemea elimu ya watu wa aina hiyo. Mwaka 1849 alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akafika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba. Ni katika safari hiyo alipouona Mlima Kenya na kusikia habari zake kutoka kwa watu wa Embu waliokuwa huko. Mwaka 1851 walisafiri pamoja kuelekea Mto Tana, mto huo huo unaopakana na nchi ya Wambeere kwa upande wa kusini. Kivoi aliuawa njiani. Krapf, pamoja na elimu yake yote ya lugha, alitangatanga nyikani kwa njaa na kiu hadi akaponea chupuchupu. Aliyekuwa akiandika maneno ya nchi alikuwa bado hajui kuisoma nchi yenyewe bila ya mwenyeji.

Mwanafunzi wa leo hatakufa kwa kiu katika Mji wa Kale. Anaweza, hata hivyo, kupita katikati ya mambo aliyoyasoma kwa miaka minne asiyatambue. Barabara ya Ndia Kuu ni ushahidi. Katika somo la ushairi, mtahiniwa hufunzwa kwamba mshairi anapoandika ‘ndia’ badala ya ‘njia’, au ‘ndaa’ badala ya ‘njaa’, ametumia idhini ya kishairi kwa kuchota msamiati wa lahaja. Mtahiniwa huandika hivyo na hupata alama. Akisimama Ndia Kuu na kiongozi aliyezaliwa Kibokoni au Kuze, ataelewa kwamba jibu lile lilikuwa na kasoro. Barabara si shairi, na waliyoipa jina hawakuwa wakitafuta vina wala mizani. Walikuwa wakisema Kimvita. Wachora ramani wa baadaye waliongeza ‘Road’ mwishoni, kana kwamba ndia peke yake haikutosha kuwa njia.

Kwa mantiki hiyo, Muyaka bin Haji aliyeishi kati ya 1776 na 1840, Ahmad Nassir wa Malenga wa Mvita ya mwaka 1971, na Abdilatif Abdalla wa Sauti ya Dhiki ya mwaka 1973 hawakuomba idhini ya mtu yeyote kutumia Kimvita. Hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya nyumbani kwao. Kilichoifanya ionekane kuwa ukiushi ni uamuzi wa kuteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, uamuzi uliopitishwa mwaka 1928 katika mkutano uliofanyika papo hapo Mombasa. Kila mwanafunzi wa historia ya lugha huijua tarehe hiyo. Ni wachache wanaoifikiria wakiwa wamesimama mahali ambapo lahaja iliyoachwa inaendelea kuagiza chai na kukemea watoto.

Neno ‘baraza’ nalo lina funzo lake. Kwa mtu wa Gachoka, baraza ni mkutano wa chifu: wananchi huitwa, hukaa chini ya mti, hutangaziwa habari za serikali. Katika vitabu, baraza ni la mawaziri au la wazee. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, baraza ni kiti cha mawe kilichojengewa ukutani, mbele ya mlango wa nyumba, ambapo wanaume huketi baada ya swala ya alasiri na kuzungumza na wapitao. Mgeni akioneshwa kiti hicho, na akialikwa kukikalia, hutambua kwamba neno lilianza na watu waliokaa kimo kimoja wakitazamana. Mkutano ambamo mmoja husimama na wengine husikiliza ulikuja baadaye. Maana hiyo haimo katika fahirisi ya kamusi yoyote kwa ukamilifu wake. Hupatikana kwa kukaa.

Na ngama? Katika Bandari ya Kale, kiongozi ajuaye vyombo ataeleza kwamba maji hujipenyeza ndani ya chombo cha mbao na kukusanyika ngamani, na kwamba yasipotekwa, chombo hakiendi popote, hata kama omo yake inaelekea kuzuri. Methali iliyokuwa fumbo la karatasi hugeuka kuwa kazi ya mikono. Mwalimu aliyeielewa hivyo anaweza kuifafanua hata Gachoka, kwa kutumia mtumbwi wa mvuvi wa Kamburu kama kielelezo, akionyesha unachofanana nacho na unachokikosa.

Kwa nini basi ziara hiyo iwe ya watu wachache? Sababu ni kwamba kundi kubwa husikiliza hotuba, ilhali mtu mmoja na kiongozi wake huzungumza. Hotuba ina mpangilio wake: mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome, mwaka 1895 ikawa gereza, mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikatiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hayo yote yamo vitabuni. Mazungumzo huanza pale mgeni anapouliza kuhusu neno alilolisikia likipita, na kiongozi akasimama kufikiri. Tena, Mji wa Kale ni maskani ya watu. Watu hamsini wakijazana kichochoroni huziba njia na kuchungulia milango ya wenyewe, lakini wawili hupita kwa hodi na salamu.

Yapo mapingamizi, na yanastahili kujibiwa. La kwanza ni gharama. Mwanafunzi anayetegemea mkopo hana fedha za kumlipa kiongozi peke yake. Hilo ni kweli, lakini chama kinacholipia basi zima na chakula cha siku mbili hakiwezi kusema kwamba hakina fedha kabisa. Wanachama wanne wakishirikiana kumlipa kiongozi mmoja, kwa bei iliyopatanwa kabla ya kuanza kutembea, mzigo hubebeka. Tangu reli mpya ya Nairobi na Mombasa ianze kubeba abiria mwaka 2017, kusafiri kwa vikundi vidogo hakuhitaji tena kukodi basi.

Pingamizi la pili ni kwamba viongozi wengi husimulia hekaya badala ya historia. Huko Zanzibar wenyeji wamewabandika vijana wanaowaganda watalii jina la papasi, mdudu afyonzaye damu, na jina hilo linaeleza mengi. Mgeni anashauriwa atafute kiongozi mwenye leseni, kwa kuwa Kenya ina Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 inayosimamia kazi hiyo. Hata hivyo, hekaya si hasara kwa mwanaisimu. Kiongozi akidai kwamba Mvita limetokana na vita, na mwingine akashikilia kwamba ni jina la Shehe Mvita anayetajwa katika masimulizi ya kuasisiwa kwa mji, mwanafunzi amepata fasihi simulizi mbili kwa bei ya moja. Kazi ya kuzipima ni yake.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi, nalo linawagusa wageni wenyewe. Viongozi wengi wamezoea kueleza mji kwa Kiingereza, Kiitaliano au Kijerumani, kwa sababu walipaji wao wa miaka mingi walitoka huko. Mkenya wa bara anapofika, mara nyingi naye huanza kwa Kiingereza, pengine kwa kuona haya kwamba Kiswahili chake kitachekwa na wenyewe. Matokeo yake ni kioja: watu wawili wenye lugha moja, ambayo Katiba ya 2010 inaitaja kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, wanaielezea nyumba ya Mswahili kwa lugha ya tatu. Baraza huwa ‘benchi’, roshani huwa ‘balkoni’, na kilichokuwa kimfunze mgeni hupotea kabla hajafika kona ya pili. Mgeni ni kuku mweupe, atajulikana tu kwa lafudhi yake. Afadhali ajulikane akiuliza kwa Kiswahili, kwani kuuliza si ujinga. Soko nalo hufuata mlipaji: wanafunzi wakidai na kulipia maelezo ya Kiswahili, watakuwepo viongozi wa kuyatoa kwa ufasaha.

Vyama vya Kiswahili vina uwezo wa kulianzisha jambo hili bila kungoja mtu. Ziara ya mwaka mmoja ingeweza kuvunjwa katika makundi ya watu wanne, kila kundi na kiongozi wake na mtaa wake, na jioni makundi yakutane kulinganisha waliyoyasikia. Badala ya ripoti ya picha, kila kundi liwasilishe orodha ya maneno ishirini yaliyokusanywa njiani, pamoja na jina la kitu, matumizi yake na tofauti za maelezo ya wasimulizi. Orodha za miaka mitano zingetosha kuwa kitabu kidogo ambacho mwalimu wa Gachoka angekishukuru.

Aidha, ziara hizi zisiwe za upande mmoja. Mwanafunzi aliyezaliwa Kibokoni naye anastahili kupelekwa Gachoka kwa miguu, akiwa na kijana wa Kimbeere wa kumwongoza na kulipwa, aoneshwe shamba la muguka na aisikie hoja ya mkulima kutoka kinywani mwake, ashuke hadi kwenye maji ya Tana, na aulize Wambeere wanaviitaje vitu ambavyo Kiswahili sanifu hakina majina yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huenda wasikubaliane kuhusu muguka, lakini watakuwa wameketi baraza moja, na zao hilo halitakuwa tena mjumbe pekee kati ya Gachoka na Mvita.