Tela letu, mikono yetu

Ndugu wafanyakazi, barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, kilomita 92, siku hizi ni ya lami, lakini kukodi gari la mizigo kunakula mshahara. Ndiyo maana twawaunga mkono wenzetu wa Ayivu wanaojitengenezea uani tela lililofunikwa. Ila wengi huanza na mabati na rangi. Rangi haibebi mzigo! Anzeni na ekseli iliyonyooka na fremu iliyochomelewa barabara. Mzigo mzito ukae mbele kidogo ya ekseli. Ukilemea nyuma, tela litayumba hata kulipindua gari. Wekeni taa za nyuma, na mnyororo wa kulishika tela kiungo kikikatika. Na mwajiri akitaka kuwapakia vibarua ndani ya sanduku hilo lisilo na dirisha wala kiti, tukatae sote kwa pamoja.