Mwalimu wa mishale aliyekataa karama



Ndugu zangu, leo nakupelekeni mbali, Japani, mji wa Sendai, miaka ya 1920. Msishangae. Kurusha mishale si jambo geni kwetu, Mtume (s.a.w.) alilihimiza.

Alikuwepo Mjerumani mmoja, Eugen Herrigel, profesa wa falsafa, aliyesomesha chuo kikuu cha pale tangu 1924 mpaka 1929. Akataka kujifunza upinde kwa Awa Kenzo, fundi aliyesifika. Awa akakataa. Alishawahi kumfundisha mgeni akajuta. Komachiya, mwenzake Herrigel wa chuoni na mwanafunzi wa siku nyingi wa Awa, akamwombea, akakubaliwa.

Profesa alidhani kwa kuwa anajua bunduki, upinde utakuwa mwepesi. Wapi! Kuuvuta tu kulimtoa jasho, mikono inatetemeka, pumzi inakatika, na mwalimu anamtazama. Baada ya muda mrefu ndipo Awa akamfundisha namna ya kuvuta pumzi. Herrigel akamuuliza Komachiya, mbona hakunionesha tangu mwanzo? Akajibiwa kwamba angeoneshwa mwanzo asingeamini. Ilibidi kwanza nguvu zake mwenyewe zimshinde. Wazazi mnaohamisha watoto madrasa kila baada ya miezi mitatu, kisa mtoto bado yuko kwenye alifu, someni tena hapo.

Ikaja kuuachia mshale. Awa alitaka utoke wenyewe, mkono usiushtue. Miaka inapita, Herrigel anapiga robota la majani makavu lililo hatua chache mbele yake, shabaha yenyewe hajaruhusiwa. Likizo moja akabuni ujanja wa vidole. Akarudi nao, mshale ukatoka laini kabisa. Awa akamwambia arudie. Akarudia. Mwalimu akauchukua upinde mkononi mwake bila neno, akaenda kukaa, akampa mgongo. Kesho yake Herrigel akaambiwa masomo yamekwisha kwa sababu amejaribu kumdanganya mwalimu. Komachiya akaenda kuomba mara ya pili.

Hapa mimi niliona aibu. Nikiwa na miaka tisa nilikuwa nasoma mbele ya maalim kwa kufuata midomo ya mwenzangu, kurasa na kurasa. Siku moja maalim aliufunga msahafu wangu, akaniambia nirudi nikiwa nimehifadhi. Nililia njia nzima. Kurasa zile sizikosei mpaka leo.

Sasa sikilizeni habari iliyomfanya Awa ajulikane duniani. Herrigel alikuwa na shaka, Awa akamwita usiku. Shabaha iko gizani, mbele yake kimechomekwa kijiti chembamba cha kufukiza. Awa akarusha miwili. Wa kwanza ukapiga katikati. Wa pili ukaupasua ule wa kwanza kwa nyuma. Herrigel akayaandika hayo katika kitabu cha 1948, kikasomwa nchi nyingi, na watu wakaona hapo pana siri ya kiroho.

Baadaye mtafiti wa Kijapani, Yamada Shoji, akaifukua habari ile. Akakuta kwamba Awa alishamwambia mwanafunzi mwingine kuwa mshale wa pili ulitokea tu, hakukusudia kuonesha chochote. Na Komachiya, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani, alikiri kwamba maneno mengine ya mwalimu aliyatafsiri kwa namna yake.

Kwangu mimi, kauli hiyo ya Awa ni kubwa kuliko mshale uliopasua mwenzake. Mtu ana mwanafunzi profesa anayemwona kama walii, naye anasema, hapana, ilitokea. Sisi mashekhe wa mitandaoni tungeirekodi, tukaisambaza kabla ya alfajiri, na chini yake tukaweka namba ya kutuma sadaka. (Wala msidhani kukaa na mwalimu ni kinga. Mwaka 1937 Herrigel huyu huyu alijiunga na chama cha Nazi.)

Nami nina langu. Mwaka jana ndugu mmoja aliandika chini ya darsa yangu kwamba mwanawe alipona homa usiku ule ule niliomsomea. Mkaandika "mashaallah shekhe wetu" mamia kwa mamia. Nami nilijua, kwa sababu nilikuwa nyumbani kwao, kwamba mtoto alikuwa siku ya tatu ya dawa za hospitali, na homa ilikwisha kuanza kushuka kabla sijafika. Nilizisoma pongezi zote nikanyamaza. Aliyemponya ni Allah, na dawa alikuwa anakunywa. Mwenye kuisambaza ile habari mara ya kwanza naomba aisambaze na hii.