Usiseme huna mkono wa kupanda, kwanza uliza maji

Umekata tawi la mnanaa kwa shangazi, ukalitia kwenye chupa ya maji, ukaiweka dirishani. Siku ya tano kingo za majani zimekauka kama zilizopitiwa na moto. Siku ya nane shina ni jeusi. Nyumbani wanakucheka, ati wewe huna mkono wa kupanda. Nawe unaamini, unaitupa chupa, unarudi kwenye simu.

Mimi nasema usiamini haraka hivyo. Kama unaishi Kibuyuni, Shimoni, Msambweni au popote karibu na bahari hapa Kwale, wa kushukiwa kwanza ni yale maji.

Walimu wa jambo hili tunao hapa hapa. Akina mama wanaolima mwani Kibuyuni hawapandi punje. Hukata vipande vya mwani, wakavifunga kwenye kamba zilizowambwa baina ya vigingi, na baada ya wiki sita hivi wakavuna. Kipandikizi ni kipandikizi, kiwe cha baharini au cha dirishani. Lakini mkulima wa mwani huchagua maji kabla ya kufunga kamba. Hutaka mahali penye mkondo, na anajua kwamba mvua kubwa ikimwaga maji matamu mengi ufuoni, mwani hudhoofika. Mwani umezoea maji ya bahari, yenye chumvi ya takriban gramu 35 kwa lita. Mnanaa wa shangazi haujazoea. Kila mmea na maji yake.

Sasa tazama visima vyetu. Sehemu kubwa ya ardhi ya ukanda huu ni mawe ya matumbawe yaliyojaa matundu, na maji ya bahari hupenya chini kwa chini. Maji ya mvua, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya yale ya chumvi. Kiangazi kikikaza, au tukiteka kupita kiasi, ya chumvi hupanda. Ndiyo maana kisima kinaweza kufaa kwa chai baada ya masika, halafu Februari kikawa cha kufulia tu.

Tawi lililokatwa halina mizizi bado. Hunywa kupitia pale lilipokatwa. Chumvi ikizidi kwenye chupa, shina hushindwa kuvuta maji, na majani hukauka huku maji yamejaa. Ni kama mvuvi aliyepotea baharini, kazungukwa na maji na bado anakufa kiu.

Shida yetu vijana, mambo haya tunajifunza kwenye video. Mtu yuko jikoni kwake ng'ambo anakwambia uyaache maji ya mfereji usiku kucha ili klorini itoke. Kwake huenda ni sawa. Hata kwa mfereji wetu, pale ulipo, si ushauri mbaya. Lakini chumvi si klorini, haitoki na hewa. Ukiyaacha maji ya kisima wazi siku mbili, yanayopungua ni maji, chumvi inabaki pale pale. Ukiyachemsha ndiyo unazidisha kabisa. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi chumvi. Kuchuja kwa kitambaa nako kunaondoa mchanga tu.

Na usidanganywe na maji kung'aa kama kioo. Uliza nyumbani swali moja: haya tunapikia chai? Ukijibiwa "hayo ni ya kuogea", basi tawi lako pia halitayapenda.

Wapo watakaosema tia maji ya dafu. Ni kweli dafu hutumika maabara kukuzia mimea, lakini ndani ya vyombo visivyo na vijidudu. Kwenye chupa ya dirishani, sukari yake inalisha bakteria na shina linaoza. Dafu linywe mwenyewe. Wengine watasema tumia maji ya kununua. Mimi sikubali. Kama mama au dada yako kabeba mtungi kichwani kutoka mbali, hayo ni ya kunywa watu, si ya kupambia dirisha.

Chaguo langu ni mvua. Haina chumvi ya kutajika, na ni bure. Iache mvua ya kwanza ioshe bati, maana vumbi na kinyesi cha ndege viko huko juu, kisha ndiyo ukinge. Nyumba ya makuti? Weka beseni uwanjani. Mtungi mmoja wa lita 20 unajaza chupa 40 za nusu lita.

Ila funika mtungi, na chupa zibadilishe maji kila baada ya siku tatu au nne. Mombasa iliona dengi 2013 na chikungunya kuanzia mwisho wa 2017, na mbu wa magonjwa hayo hupenda kutaga kwenye vyombo vyenye maji yaliyotulia, hata vidogo. Kwa joto letu, yai huwa mbu kwa muda wa kama wiki moja.

Utaniuliza, kelele zote hizi kwa sababu ya tawi? Ndiyo. Hoteli na nyumba za Diani zinataka mimea, na kitalu cha kwanza cha kijana asiye na mtaji huanza na matawi ya kuomba. Matawi hamsini yakifa, anajiona ana nuksi, anaacha. Kumbe kosa lilikuwa kwenye ndoo.

Basi usinisadiki mimi. Kata matawi mawili ya mnanaa kutoka shina moja. Moja litie maji ya mvua, jingine ya kisima chenu, dirisha lile lile, majuma mawili. Halafu ndiyo tuzungumze habari ya mkono.